Je, ufufuko wa Yesu una ushahidi wa kihistoria?

SWALI: Siku ya Jumatatu ya Pasaka mwenzangu kazini aliniambia kwamba habari za ufufuko ziliandikwa miaka arobaini hivi baada ya kifo cha Yesu, tena Injili zenyewe hazipatani kuhusu nani alikwenda kaburini. Nilikosa la kumjibu. Je, upo ushahidi, au tunaamini tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kuhusu Injili, mwenzako hakukosea sana. Wataalamu wengi huiweka Injili ya Marko karibu na mwaka 70, na Yesu alisulubiwa yapata mwaka 30 au 33. Alichosahau ni kwamba Paulo aliandika kabla ya Marko. Waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho ni wa mwaka 54 hivi, na katika sura ya 15 anawakumbusha mafundisho ambayo yeye naye aliyapokea kwa wengine. Soma aya ya 3 hadi ya 5 kwa sauti, katika Biblia ile ya zamani, usikie jinsi “na ya kuwa” inavyorudi: na ya kuwa alizikwa, na ya kuwa alifufuka, na ya kuwa alimtokea Kefa (yaani Petro). Hayo ni maneno ya kukaririwa. Paulo anawaeleza pia Wagalatia kwamba miaka mitatu baada ya kuitwa alikaa na Kefa siku 15 huko Yerusalemu, akaonana na Yakobo, ndugu yake Bwana. Ndiyo maana hata Gerd Lüdemann, mtaalamu wa Ujerumani ambaye hakuuamini ufufuko, alikubali kwamba mapokeo hayo yalianza miaka michache tu baada ya msalaba.

Kuhusu kutopatana, ni kweli kwamba Marko anawataja wanawake watatu na Yohana anamtaja Maria Magdalene peke yake. Zaidi ya hayo, hati mbili za kale za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikani, zinaishia Marko 16:8, wanawake wakikimbia kwa hofu bila kumwambia mtu neno, kwa hiyo usizitumie aya ya 9 hadi ya 20 kama ushahidi. Hata hivyo Injili zote nne zinaanza na wanawake, katika jamii ambayo Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, anasema ushahidi wao usipokelewe. Mtu wa kutunga angemtanguliza Petro. Hoja hiyo naiona nzuri, ingawa haimalizi ubishi, kwa kuwa Paulo katika orodha yake hawataji wanawake wala kaburi tupu.

Wapo wanaodai kwamba waliosulubiwa hawakuzikwa kamwe. Mwaka 1968, katika kaburi moja Yerusalemu, ilipatikana mifupa ya mtu aitwaye Yehohanan, msumari ukiwa bado umekwama katika mfupa wa kisigino, ndani ya sanduku la mifupa lenye jina lake. Basi wapo waliozikwa kwa heshima. Kwamba Yesu alikuwa mmoja wao, kisigino hicho hakiwezi kutuambia.

Wahubiri wetu hupenda pia kumtaja Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, lakini yeye anathibitisha kuuawa kwa Yesu chini ya Pilato, si kufufuka kwake, na maneno ya Josephus kuhusu siku ya tatu wataalamu wengi huyaona yameongezwa na wanakili Wakristo.

Ubishi wenyewe unabaki kwenye kile walichokiona. Lüdemann alisema Petro aliona maono ya mfiwa aliyelemewa na hatia. Kwa Petro hilo linawezekana. Kwa Paulo ni gumu zaidi, kwani yeye hakumlilia Yesu, bali alikuwa akiwakamata wafuasi wake, na Lüdemann alilazimika kumtafutia hatia nyingine iliyojificha moyoni. Mkikutana tena, mwulize mwenzako juu ya Paulo kabla ya kurudi kwa Marko.