Uvuvi haramu na uvuvi usiodhibitiwa, ni kitu kimoja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesoma habari ya meli zinazovua ngisi Bahari ya Arabu, mbali huko nje ya Oman na Yemen. Juu wameandika "uvuvi haramu", chini "uvuvi usiodhibitiwa". Si maana moja hiyo? Halafu wanasema "bahari kuu", ndo wapi hasa?

Jibu: Marahaba. Hapana, si maana moja, na kwenye habari hiyo ya ngisi ukiyachanganya umeharibu habari nzima. Haramu ni pale sheria ipo halafu mtu anaivunja, mfano meli imeingia maji ya nchi bila leseni, au imevua msimu uliofungwa. Usiodhibitiwa ni pale sheria yenyewe haipo.

Sasa angalia huko Bahari ya Arabu. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ile yenye makao Shelisheli, inasimamia jodari na jamaa zake, ngisi hawamo, na mkataba wa uvuvi wa kusini mwa Bahari ya Hindi haufiki kaskazini kote huko. Kwa hiyo meli inawasha mataa usiku kucha, ngisi wanaufuata mwanga kama dagaa wanavyofuata karabai, inajaza inaondoka, na huwezi kusema imezidisha kiwango maana kiwango hakuna aliyekipanga. Labda iwe imevunja sheria ya nchi ambayo inapeperusha bendera yake, hapo sawa. Ripoti moja ya 2020 ilihesabu meli 30 mwaka 2015, kufika 2019 zimekuwa 279! Ukiandika "haramu" msomaji atadhani walinzi wa bahari wamezembea, kumbe wa kubanwa ni serikali zikae zitunge sheria, na mi hili linaniuma kwa kweli manake ngisi anaishi kama mwaka mmoja tu, wakivuliwa wengi kabla hawajataga basi mwaka unaofuata utavua nini.

Kusini mwa Pasifiki, nje ya maji ya Peru na Chile, hali ni tofauti, kule lipo shirika la kikanda linalosimamia ngisi wakubwa na tangu 2020 limewawekea masharti yao. Meli ya nchi mwanachama ikiyakiuka, andika "haramu" bila wasiwasi.

Kuhusu bahari kuu, kwa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 ni nje ya maili 200 za baharini kutoka pwani, ambako hakuna nchi yenye mamlaka peke yake. Lakini Tanzania tunasema "uvuvi wa bahari kuu" hata kwa ule wa ndani ya ukanda wetu wa kiuchumi, yaani ndani ya hizo maili 200, na ipo Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu inayotoa leseni humo. Kwa hiyo mwandishi akimaanisha kusiko na mwenyewe, ni bora aseme "maji ya kimataifa", au aandike tu "nje ya maili 200".