Mnaotaka kununua jengo la kanisa ughaibuni, someni kwanza kisa cha Mother Bethel

Wenzangu wa ughaibuni huniuliza tulivyopata jengo letu, maana wanajua usharika wetu wa Waswahili hapa Philadelphia ulivyohangaika na kumbi za kupanga. Kabla ya habari za mkopo wa benki, huwapeleka kwenye kona ya Sixth na Lombard, lilipo kanisa la Mother Bethel, lililoanzishwa na watu weusi.

Kiwanja hicho alikinunua Richard Allen mwaka 1791. Alizaliwa mtumwa mwaka 1760, akafanya vibarua hadi akajikomboa kwa fedha zake. Yeye na mwenzake mweusi, Absalom Jones, walitoka kanisa la Wamethodisti la St. George's baada ya wasimamizi kumvuta Jones ainuke, naye amepiga magoti anasali, kwa kuwa weusi hawakuruhusiwa kukaa pale. Kanisa la kwanza la Allen lilikuwa karakana ya mhunzi iliyokokotwa na farasi mpaka kiwanjani. Askofu Francis Asbury aliliweka wakfu Julai 1794.

Wengi huishia hapo. Mimi nawasihi waendelee, kwa sababu kinachotuhusu kimo kwenye makaratasi. Mwaka 1796 Mmethodisti mmoja Mzungu alijitolea kuwaandikia Allen na wenzake hati ya usajili bure, wakatia sahihi. Baadaye wakagundua kwamba hati ile iliweka mali yote mikononi mwa uongozi wa Wamethodisti. Mwaka 1807 wakapitisha nyongeza ya kuirudisha, lakini ugomvi haukuisha: mwaka 1815 kanisa likapigwa mnada, na Allen akalazimika kulinunua kwa zaidi ya dola 10,000! Mwaka 1816 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikawapa haki, na mwaka huohuo likazaliwa dhehebu la AME (African Methodist Episcopal), Allen akiwa askofu wa kwanza.

Basi tafuteni wakili wenu, mlipeni wenyewe. Kila kifungu kisomwe kwa Kiswahili mbele ya washarika wote, si wazee wa kanisa peke yao. Kwetu, mkataba ulisema jengo likimalizwa kulipiwa litaandikwa jina la makao makuu. Mama mmoja wa kwaya akasimama: "Kwa hiyo tuchange miaka yote hiyo, halafu tubaki wapangaji?" Kifungu kile kilibadilishwa kabla ya sahihi. Ulizeni pia jengo litakuwa la nani mkigawanyika, au mchungaji akihama. Swali hilo linaudhi. Liulizeni mapema, mkiwa bado mnapendana.

Mtaa ule, Society Hill, siku hizi ni wa nyumba ghali, na waumini wengi wa Bethel hutoka mbali. Hata hivyo jengo lililokamilika mwaka 1890, la nne mahali palepale, bado ni lao, na ardhi haijatoka mikononi mwa watu weusi tangu Allen. Nendeni Jumapili na mhazini wenu. Salini kwanza, kisha mshuke chini kwenye makumbusho, aliko pia kaburi la Allen na mkewe Sarah.