Maswali ya Wasomaji: Majani ya Dawa na Pumu ya Ngozi

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana miaka mitatu, hospitali walisema ana pumu ya ngozi. Bibi yake alinishauri nimwogeshe kwa maji ya mwarobaini. Nachemsha majani mengi mpaka maji yanakuwa meusi, natia chumvi, namwogesha asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza mwasho ulipungua. Sasa ngozi imepasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti, na nikimtia tu kwenye beseni analia. Nakosea wapi? *Mama wa wawili, Mbagala*

JIBU: Mama, pole sana, na mpe pole mtoto. Analia kwa sababu ngozi yake ina nyufa, na chumvi inaingia humo moja kwa moja. Chumvi iache leo.

Ngozi ya mwenye pumu ya ngozi haizuii maji vizuri. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa wengi wamerithi hitilafu kwenye jeni inayotengeneza filagrini, protini inayoisaidia ngozi ya juu kushikamana na kutunza unyevu. Ngozi kama hiyo maji yake hutoka, na vumbi, sabuni na bakteria huingia. Bakteria aitwaye Stafilokokasi aureasi hupenda sana kukaa hapo na kuzidisha uvimbe na mwasho.

Mwarobaini una kemikali chungu ambazo maabarani zimeonekana kupunguza nguvu ya bakteria na uvimbe, kwa hiyo nafuu ya wiki ile ya kwanza huenda haikuwa ya kubuni. Tatizo ni kwamba majani yana tanini pia, ile inayokausha ulimi ukinywa chai iliyokolea. Tanini nyingi, mara mbili kwa siku, pamoja na chumvi, na bila kupaka mafuta baada ya kuoga: hapo ngozi kavu umeizidishia ukavu.

Acha majani kabisa kwa wiki mbili. Mwogeshe mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako, dakika 5 hadi 10, si zaidi. Usitumie sabuni ya mche, wala ile yenye jina la mwarobaini. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati, chini yake ni uchachu) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi hupenda kama 5. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga laini, usimsugue. Ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, ndani ya dakika 3, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ukifuata vinyweleo vinakolalia. Wengi hukwama kwenye kiasi: mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya matibabu, unataja gramu 250 hadi 500 za mafuta au krimu ya kulainisha kwa wiki kwa mtoto. Ukiona kopo dogo la gramu 50 linamaliza mwezi, ujue unapaka kidogo mno.

Nyufa zikishafunga na bado mnataka mwarobaini, fanya hivi. Chukua konzi moja ya majani mabichi, kama gramu 20, kutoka mti ulio mbali na shamba linalopigwa dawa na mbali na vumbi la barabara. Yaoshe. Chemsha lita 1 ya maji, ipua, ndipo utumbukize majani, funika dakika 10. Usiyatokose. Chuja kwa kitambaa safi, kisha mimina kwenye beseni lenye lita 10 za maji. Rangi iwe kama chai iliyozimuliwa. Kabla hajaogeshwa, jaribu maji hayo sehemu ndogo upande wa ndani wa mkono wake, asubuhi na jioni kwa siku 7, kila siku ukitengeneza mapya. Pasipoota kipele wala kuwa pekundu, mwogeshe mara mbili kwa wiki, dakika 5, msuuze kwa maji matupu, halafu mafuta kama kawaida. Yanayobaki mwaga. Maji ya majani yakilala usiku kucha kwenye joto letu, asubuhi yana vijidudu.

Kama hospitali walimpa krimu ya haidrokotisoni (dawa ya kupunguza uvimbe wa ngozi), iendelee kwa siku walizoandika. Mwarobaini haushiki nafasi yake.

SWALI: Kuna jani lolote lililojaribiwa kwa wagonjwa wenyewe, au yote ni maneno tu? *Msomaji, Kericho*

JIBU: Lipo, na umezungukwa nalo. Mwaka 2001 madaktari wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa 118 wenye pumu ya ngozi sugu walioongezewa chai ya oolong juu ya matibabu yao ya kawaida. Oolong ni mmea uleule wa chai ya Kericho na Mufindi, ila majani yake huachwa yageuke rangi nusu tu kabla ya kukaushwa. Walitia gramu 10 kwenye lita 1 ya maji yaliyochemka, dakika 5, wakaigawa mara tatu, kila baada ya mlo. Baada ya mwezi mmoja, wagonjwa 74 kati yao, asilimia 63, walikuwa na nafuu ya kuonekana. Hata hivyo, hapakuwa na kundi la kulinganisha lililokunywa kitu kingine, na pumu ya ngozi ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Kwa mtu mzima hatuoni ubaya kuijaribu. Kwa mtoto mdogo hapana, kwa sababu ya kafeini, na pia chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Jani jingine linatuvutia zaidi, ingawa halijafika kwa wagonjwa: la mti wa Ulaya uitwao Castanea sativa. Kusini mwa Italia watu wamekuwa wakiosha ngozi yenye uvimbe kwa maji ya majani yake. Cassandra Quave na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitengeneza dondoo la majani hayo, yaani walichopata baada ya kuyaloweka, kuyachuja na kutenga sehemu yenye nguvu. Mwaka 2015 walionyesha kwamba dondoo hilo haliui Stafilokokasi. Linakata mawasiliano yao, wakashindwa kutoa sumu inayoharibu ngozi. Bakteria asiyeuawa hana haraka ya kujenga usugu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Hayo yalionekana kwenye vyombo vya maabara na kwa panya.

Chupa ya maabara na sufuria ya nyumbani si kitu kimoja. Maabara wanajua ni miligramu ngapi zimo. Majani ya mti mmoja hubadilika nguvu kati ya masika na kiangazi, na jani laini la juu si sawa na lililokomaa.

SWALI: Nimenunua krimu ya kijani, naambiwa ni majani matupu. Kwa siku tatu ngozi ilinyooka! Nikiacha, inarudi vibaya zaidi. Niongeze dozi? *Dada wa Tanga*

JIBU: Usiongeze, dada, na tunakuomba usimpe mwingine. Hakuna jani tunalolijua linalonyoosha pumu ya ngozi kwa siku tatu. Inayofanya hivyo ni steroidi, dawa ya hospitali inayotuliza uvimbe haraka. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizokuwa zikitumiwa na wagonjwa wao wa ngozi. Krimu 8 zilikuwa na deksamethasoni, aina ya steroidi, na wagonjwa hawakuambiwa.

Steroidi yenyewe si adui. Ikitolewa kwa kipimo, ni dawa nzuri ya ugonjwa huu: mstari wa krimu kutoka kwenye tyubu unaofunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Lakini ya kwenye kopo lako huijui ni kali kiasi gani, na huenda umeipaka usoni kwa miezi. Jitazame kwenye kioo mchana: ngozi imekuwa nyembamba na yenye kung'aa? Kuna vimishipa vyekundu mashavuni, vipele kuzunguka mdomo, michirizi mapajani au kwapani? Kama umeipaka eneo kubwa kwa muda mrefu, usiikate ghafla, maana mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake. Nenda kwenye kliniki ya ngozi na kopo lenyewe mkononi, hata likiwa tupu, wakupangie jinsi ya kushuka taratibu.

SWALI: Mshubiri je? *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Ute wa ndani hupoza, lakini karibu wote ni maji, na hukauka haraka. Kosa la kawaida ni kulikata jani na kulisugua hapo hapo. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano mchungu, na huo unawasha. Simamisha kipande cha jani kwenye kikombe dakika 15 utomvu uchuruzike, menya ganda lote, suuza ute, paka, subiri dakika 10, kisha juu yake mafuta. Mafuta ya nazi mabichi yanafaa: kwenye utafiti wa Ufilipino wa 2008, yaliwaondolea watu wazima wenye pumu ya ngozi Stafilokokasi zaidi kuliko mafuta ya zeituni. Yakishanuka uvundo, usiyapake.

SWALI: Mtoto anyweshwe mwarobaini ili "kusafisha damu"? *Baba, Morogoro*

JIBU: La, baba. Pumu ya ngozi haitokani na damu chafu. Mafuta ya mwarobaini yanayouzwa madukani hukamuliwa kwenye kokwa, si majani, na hayo ndiyo ya hatari kabisa mdomoni mwa mtoto. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza watoto walionyweshwa mafuta hayo: kutapika, usingizi mzito, degedege, ini kuharibika. Chupa iwekwe mahali asipofikia.

SWALI: Ngozi yangu ya mikono inatoa majimaji, mafuta hayashiki. Nitumie jani gani? *Mama lishe, Ilala*

JIBU: Hapa tanini ina kazi yake, dada. Majani ya chai vijiko 2 vya chai, maji yaliyochemka nusu lita, yakae dakika 15. Yasiwe na sukari, maziwa, tangawizi wala iliki, kwa sababu viungo huchoma. Chuja, yapoe kabisa. Lowesha kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi, kamua kidogo, kiweke juu ya mkono dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku. Majimaji yakikoma, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, simama, rudi kwenye mafuta, na vaa glavu unapoosha vyombo au kukata vitunguu na ndimu.

Yakigeuka usaha, yakifanya magamba ya rangi ya asali, au vikitokea vilengelenge vidogo vinavyofanana vyote na vinavyouma sana, pamoja na homa, usingoje siku ya tatu. Vilengelenge hivyo vinaweza kuwa virusi vya hepesi vilivyosambaa kwenye ngozi yenye pumu. Hivyo vinatakiwa hospitali siku hiyohiyo.