Sukuma wiki imejaa maji? Acha kuichemsha kwanza

Dada, umesema sukuma yako inatoka imejaa maji, na watoto hawaigusi. Tatizo ni huko kuichemsha kwanza kisha kumwaga maji: vitamini C nyingi inaondoka nayo, na ladha pia. Osha majani yakiwa mazima, yakung'ute, toa ule mshipa mnene wa katikati kama yamekomaa, ndipo uyakate membamba kabisa.

Kaanga kitunguu mpaka kianze kugeuka rangi, weka nyanya moja tu (zikizidi ndizo zinazoleta maji), halafu tupia sukuma. Moto mkali, bila kufunika. Geuza dakika 3 hadi 5, epua ikiwa bado kijani. Chumvi mwishoni, maana ikitangulia inavuta maji. Mafuta usiyaogope, karotini ya mboga hii (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) haifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo. Ukikamulia limau mezani, madini ya chuma yanaingia mwilini vizuri zaidi.

Ila kama kuna mtu hapo nyumbani anatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), asiongeze wala kupunguza ghafla kiasi cha sukuma anachokula kabla ya kuongea na daktari. Sukuma ina vitamini K nyingi mno, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.