Kabla ya kununua mpira, nunua saa ya msichana

Mtu akisikia kwamba nimekuwa nikisaidia mazoezi ya wasichana katika kambi ya Nyarugusu, huniuliza: tuchange mipira mingapi? Sibezi, mpira unahitajika. Ila kambini mpira ndicho kitu kinachopatikana upesi kuliko vyote. Kinachokosekana ni saa moja na nusu ya jioni ambayo binti wa miaka kumi na minne anaweza kuiita yake. Kama mna kikundi cha kanisani, msikitini au kazini kinachotaka kuchangia, naomba hesabu zenu zianzie hapo.

Kwa asiyeifahamu, Nyarugusu iko wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi mno. Wapo wasichana waliozaliwa humo, wakasoma humo, na sasa wanalea humo. Hawaruhusiwi kutoka watakavyo, ajira ni za kuhesabu, na wafadhili wakikaza mkono mgao wa chakula nao unapungua. Mzigo wa upungufu huo humwangukia binti: maji, kuni, kupika, mdogo wake mgongoni. Kaka yake akitoka shule anatupa daftari na kukimbilia uwanjani. Yeye anachukua dumu.

Kwa hiyo, kabla ya kutangaza mazoezi, ulizeni mabomba ya zoni hiyo, yaani sehemu ile ya kambi, yanafunguliwa saa ngapi, na siku ya mgao ni ipi. Ukiweka mazoezi saa kumi jioni kwa kuwa ndivyo inavyofanyika kila mahali, utapata wasichana watano wiki ya kwanza na wawili wiki ya pili, halafu atatokea mtu wa kukuambia kwamba "mila zao haziruhusu". Nimelisikia sana neno hilo, na mara nyingi limesemwa na mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye foleni ya maji. Mama mmoja wa Kikongo aliniuliza waziwazi: "Akienda ku mpira, nani atachota mayi?" Hakuwa anapinga michezo. Alikuwa anapiga hesabu za nyumba yake, na hesabu hujibiwa kwa hesabu.

Majibu yaliyofanya kazi kwetu ni ya kawaida tu. Wasichana walikuja na madumu yao, yakapangwa foleni kwenye bomba la jirani, na mwanamke mmoja akalipwa kuyasimamia wakati wao wanacheza. Mwingine alikaa pembeni ya uwanja na mkeka, akiwaangalia wadogo zao waliokuja mgongoni. Posho za akina mama hawa wawili zilileta wachezaji wengi kuliko jezi zote tulizowahi kupokea. Wafadhili hawaipendi bajeti ya namna hii, maana haipigiki picha. Ing'ang'anieni.

La kuni ni zito zaidi. Kuni zinatafutwa nje ya kambi, na huko porini wanawake na wasichana wamebakwa. Mazoezi yakimla binti muda wake wa kwenda na wenzake asubuhi, ataenda jioni, tena peke yake. Mpango wa michezo unaosogeza safari ya kuni karibu na giza una madhara kuliko kutokuwa na mpango kabisa. Muulizeni kila mmoja anakwenda kuni lini na na nani, kisha mpange.

Uwanja nao una siasa zake. Ule mkubwa ni wa wavulana, na hakuna tangazo litakaloubadilisha kwa mwezi mmoja. Msigombanie. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25 tu, unaweza kukaa katikati ya mistari ya nyumba, mama akiwa jikoni anasikia sauti ya mwanawe. Nguzo anachomelea fundi kwa bomba chakavu la maji, pete ikae mita 3.05 juu. Mpira wa netiboli na ule wa soka wa namba tano vinakaribiana sana kwa ukubwa, hivyo hata mmoja uliochakaa unafaa kuanzia.

Hapo Mtanzania au Mkenya mwenzangu ataruka: basi tuwapelekee netiboli! Subiri kwanza. Netiboli imeenea katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Binti aliyekulia Fizi kule Kongo au Ruyigi kule Burundi huenda hajawahi kuiona. Yeye anajua soka, kikapu, labda mpira wa mikono. Wengine wameipenda netiboli walipoionja, wengine wamesema wazi kwamba mchezo wa kukatazwa kukimbia na mpira hauna raha. Sote tunajua netiboli ndiyo tamu, lakini wao ndio wachezaji. Soka ya watano kwa watano inatosha kabisa kwenye kiwanja hicho hicho kidogo. Kinachobeba mpango ni ukaribu wa uwanja na nyumba. Mchezo wachague wenyewe.

Kuhusu mavazi sina mengi. Anayetaka kuvaa bukta avae, anayetaka sketi ndefu au hijabu aachwe. FIFA iliruhusu kitambaa cha kichwa mwaka 2014 na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mwaka 2017, kwa hiyo mwamuzi yeyote anayemtoa mtu uwanjani kwa ajili hiyo amechelewa. Huko kambi za Dadaab, Kenya, katikati ya miaka ya 2000, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, na kampuni ya Nike walikaa na wasichana wa Kisomali kubuni vazi la kuchezea voliboli, na hiyo ndiyo njia: muulize mvaaji. Taulo za kike ziwe kwenye bajeti kila mwezi bila mjadala, na pawe na pahali pa kubadilishia.

Kocha awe mwanamke, awe mkimbizi, na alipwe. Kambini wakimbizi wanaofanya kazi na mashirika hupewa posho inayoitwa motisha, ambayo ni ndogo. Nimeona kocha wa kiume akipewa motisha na wa kike akiambiwa "anajitolea". Huyo wa kike ataacha siku atakapopata mtaji wa kuuza maandazi, na mtasema wanawake hawadumu. Binti aliyeshika mimba msimfukuze: akijifungua, mpeni filimbi, awe msaidizi wa kocha mpaka atakapokuwa tayari kurudi kucheza. Wale wanaomtazama wanajifunza kwamba maisha hayakuishia hapo.

Anayegawa viatu ana madaraka, na tusijifanye hatulijui hilo. Mwaka 2002 ripoti ya UNHCR na Save the Children kuhusu Liberia, Guinea na Sierra Leone ilieleza jinsi wafanyakazi wa misaada walivyodai ngono kwa wasichana wakimbizi ili wawape misaada hiyo hiyo. Vifaa vigawiwe hadharani, kwa orodha, na watu wawili au zaidi. Msichana ajue wa kumlalamikia ambaye si kocha. Na picha zenu za mitandaoni: baadhi ya familia hizi zimekimbia watu wanaowatafuta hadi leo. Pigeni picha miguu na mpira.

Jingine linalonikera ni ahadi za Olimpiki. Ni kweli, mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilikwenda Rio ikiwa na wanamichezo kumi, watano kati yao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, na kufunzwa na Tegla Loroupe, mwanariadha mkongwe wa Kenya. Rose Nathike Lokonyen, aliyekimbia peku kambini, ndiye aliyebeba bendera. Wasimulieni wasichana habari hiyo, ni yao. Lakini msiitumie kama bango la kuombea pesa, kwa sababu karibu wote mnaowasaidia hawatafika huko, na binti anayecheza kwa furaha mara mbili kwa wiki hadaiwi medali na mtu yeyote.

Mwisho, jiandaeni kuvunjikiwa timu. Tangu mwaka 2017 Warundi wamekuwa wakirudishwa kwao kwa misafara, na Wakongo wengine walikuwa wakihamishiwa Marekani hadi nchi hiyo iliposimamisha mpango wake mapema mwaka 2025. Kipa wenu anaweza kuondoka wiki ya nusu fainali. Sajilini wachezaji wengi kuliko mnaohitaji, na aliyefunzwa ukocha au uamuzi apewe cheti chenye jina lake kamili kama lilivyo kwenye karatasi zake za ukimbizi, maana jina likipishana herufi moja hakuna atakayekipokea huko aendako. Na jezi ni yake, aondoke nayo. Wekeni kwenye bajeti ya mwaka jezi za ziada kwa ajili ya wanaoondoka, ili mtunza stoo asije akamfuata mtu kwenye basi akidai namba nane.