Nyumba ile iling'aa, kumbe ilishalaliwa

Jumatatu usiku niliingiwa na ujumbe wa kijana mmoja wa Werribee, pembezoni mwa Melbourne hapa Australia. "Shikamoo dada. Mimi na mke wangu tumeona nyumba imejengwa 2022, vyumba vinne, inang'aa, dalali anasema ni mpya. Zile dola 10,000 za serikali tutazipata?"

Nimeusoma mara tatu. Sidhani kama alijua kidonda gani anakitonesha.

Machi 2021 mimi na Baba Nasra tulikuwa tumechoka na nyumba ya kupanga. Habari za kudunduliza, hati za mishahara na kuulizwa na benki kwa nini nilituma pesa nyumbani Desemba nitazirukia, maana wengi wenu mmezipitia na wengine mpo humo sasa hivi. Nianzie Melton, pembezoni mwa Melbourne, siku ya Jumamosi, tulipoingia kwenye nyumba ya dola 512,000 ambayo hata stika za oveni zilikuwa hazijabanduliwa. Zulia lilinukia kama limetoka dukani. Dalali akatuambia: "Hii ni mpya, ina miaka mitatu tu." Mimi nilikuwa nimeshasikia kwenye sherehe ya mtu kwamba hapa jimboni Victoria zile 10,000, yaani ruzuku ya anayenunua nyumba yake ya kwanza, zinatolewa kwa nyumba iliyo chini ya miaka mitano. Tatu ni chini ya tano. Hesabu ya chekechea! Nikamkonyeza mume wangu, tukasaini wiki hiyohiyo.

Niliyemsikia kwenye sherehe hakudanganya. Alisema theluthi moja ya habari. Victoria nyumba huhesabiwa mpya ikiwa ina chini ya miaka mitano, na hakuna mtu aliyewahi kuishi ndani, na haijawahi kuuzwa kama makazi. Hayo yote kwa pamoja, na thamani isizidi dola 750,000. Yetu ilikuwa na umri unaofaa, bei inayofaa, na mambo mawili ya siri: ilishauzwa mara moja kwa mwekezaji, na mwekezaji akaipangisha miezi saba. Mpangaji alikuwa msafi kupita kiasi, Mungu ambariki, hata oveni hakupikia.

Tuligundua siku tisa kabla ya makabidhiano. Benki ndiyo ilikuwa inatuombea ruzuku, na sisi tulikuwa tumeshaziingiza zile 10,000 kwenye hesabu ya siku ile. Karani akapiga simu: rekodi ya umiliki inaonyesha mauzo ya awali, ombi limekwama, pengo mlijaze wenyewe. Nilikuwa kazini, nikaenda kukaa chooni nikalia. Jioni nilimpigia mama mweka hazina wa upatu wetu, akazungumza na wenzangu, nikapewa zamu ya dada mwingine aliyekubali kusubiri. Yule dada sitamsahau. Dalali naye simsahau, kwa sababu nyingine.

Kinachouma zaidi ni jambo nililolijua baadaye. Kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia 1 Julai 2017 hadi 30 Juni 2021, nyumba mpya katika maeneo ya Victoria yaliyo nje ya Melbourne ilikuwa inapewa 20,000 badala ya 10,000. Mji wa Geelong ulikuwemo. Binamu yake Baba Nasra alikuwa akitubembeleza kila wiki tuhamie Geelong, nami nikisema ni mbali na kazi. Siku hizi kazi naifanya nyumbani siku tatu kwa wiki. Haya.

Niseme pia tulichookoa, kwa sababu watu huchanganya vitu hivi viwili. Msamaha wa ushuru wa stempu, yaani kodi unayolipa jimbo ukinunua nyumba, si ruzuku, na hapa Victoria haujali upya wa nyumba. Ikiwa ni makazi yako ya kwanza na bei haivuki 600,000, husamehewa ushuru wote hata kama nyumba ilijengwa enzi za babu. Kati ya hapo na 750,000 unapunguziwa. Kwa nyumba yetu huo ulikuwa zaidi ya dola 22,000. Kwa hiyo hatukutoka mikono mitupu, ingawa kwa miezi miwili nilikuwa nazungumza kana kwamba tumeporwa kila kitu. Vilevile ule mpango wa dhamana wa kununua kwa malipo ya awali ya asilimia 5 ya bei ni habari nyingine kabisa: serikali inakudhamini benki, haikupi senti mkononi.

Sasa, swali la kijana wa Werribee ni nyumba ipi inafaa. Aina ya jengo si tatizo kubwa. Nyumba ya peke yake, fleti, nyumba za kuungana ukuta, hata ile unayoinunua kwenye mchoro kabla msingi haujachimbwa, zote zinaweza kupata. Kiwanja kitupu hakipati mpaka uwe na mkataba wa kujenga juu yake. Nyumba ya kupangisha watu haipati, wala ya kwenda kupumzikia likizo, kwa kuwa lazima uhamie ndani ya miezi 12 na ukae humo miezi 12 mfululizo. Na nyumba ambayo watu walishaishi, kwa Victoria, sahau.

Jimbo la New South Wales wanaipokea nyumba iliyokarabatiwa, ila wasikudanganye na rangi mpya na kabati za jikoni. Jengo lote au sehemu yake kubwa lazima iwe imeondolewa au kubadilishwa, na asiwe ameishi mtu tangu ukarabati uishe. Huko ndiko aliko mdogo wangu, na hapo ndipo naomba mniruhusu nijisifu kidogo.

Mwaka juzi alikuwa anajenga magharibi mwa Sydney. Kiwanja na mkataba wa ujenzi jumla vilikuwa 738,000. Kule, nyumba iliyokwisha kujengwa haitakiwi kuzidi 600,000, lakini ukijenga mwenyewe kwa mkataba, kikomo ni 750,000 kwa ardhi, nyumba na kila nyongeza uliyoiagiza njiani. Hiyo "kila nyongeza" ndiyo mtego. Akanipigia simu ana furaha: "Dada, tumeongeza veranda yenye paa na vigae vya sebuleni, 14,500 tu." Nikamwambia weka simu chini, chukua kalamu, jumlisha. Kimya. Jumla 752,500. Kwa veranda ya kunywea chai alikuwa anazitupa dola 10,000! Akafuta veranda, akabaki na vigae. Pesa zikaingia pamoja na malipo ya kwanza ya mjenzi, zege la msingi lilipomwagwa. Alinitumia picha ya zege, zege tupu la kijivu, na nililitazama kwa wivu ambao dada mkubwa hapaswi kuwa nao.

Ndiyo maana nasema, ndugu zangu, tuache kuchukulia kanuni za jimbo moja kama za Australia nzima. Ruzuku hii ilianza 1 Julai 2000 ili kupunguza makali ya kodi mpya ya bidhaa na huduma, lakini kila jimbo linalipa lenyewe na lina sheria yake. Queensland walipandisha kutoka 15,000 hadi 30,000 Novemba 2023, kwa nyumba mpya iliyo chini ya 750,000. Australia Kusini wanatoa 15,000 na Juni 2024 waliondoa kikomo cha bei kabisa. Canberra waliifuta 2019, wakabaki na msamaha wa ushuru. Mtu anasafiri kutoka Adelaide, huko Australia Kusini, kuja harusini Melbourne, anasema "kwetu hakuna kikomo", na Jumatatu mtu wa Truganina, hapa hapa Melbourne, anasaini nyumba ya 790,000. Nimeshuhudia.

Na tuache kuona haya kuuliza. Sisi tunamheshimu mno mtu aliyevaa suti. Dalali ni mtu wa muuzaji, analipwa na muuzaji, na neno "mpya" mdomoni mwake lina maana ya stika za oveni. Muulize nani alilala humo. Muulize tena. Muulize kwa maandishi. Halafu jiulize na wewe, maana mwombaji naye hukaguliwa: angalau mmoja wenu awe raia au mkaazi wa kudumu, na mwenza wako akiwa alishamiliki nyumba ya kuishi hapa Australia kabla ya Julai 2000, au alimiliki baadaye akaishi humo, mnaanguka wote. Ile nyumba ya urithi kule kijijini haikunyimi ruzuku ya Victoria. Lakini Queensland, ukiomba nafuu ya ushuru wa mnunuzi wa kwanza, nyumba popote duniani inahesabiwa, kwa hiyo usiifiche.

Barua za yule mpangaji bado zinakuja sandukuni kwetu. Baba Nasra anazirudisha posta bila kusema neno.

Kijana wa Werribee nilimjibu usiku uleule: mwandikie dalali barua pepe, muulize nyumba iliwahi kuuzwa mara ngapi, iliwahi kupangishwa, na cheti cha ruhusa ya kukaliwa kina tarehe gani. Leo ni Alhamisi. Anasema dalali amempigia simu mara mbili, mchangamfu kwelikweli, ila kuandika bado hajaandika.