Muulize Shangazi: Giza limeingia, watoto bado wako nje

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na wa kike miaka 5. Tunakaa Mbagala, nyumba ya kupanga. Jioni nauza samaki wa kukaanga na mihogo pale barabarani, naanza saa 11 nafunga saa 3 usiku. Baba yao ni dereva wa daladala, anarudi usiku mkubwa. Watoto wanacheza nje na wenzao mpaka nirudi, maana ndani ni joto na hakuna nafasi. Juzi mpangaji mwenzangu kanisema mbele za watu kwamba nimewatupa watoto. Mume wangu anasema waachwe, yeye alicheza kombolela hadi saa 4 usiku huko Korogwe na mpaka leo yu mzima. Mama mkwe anasema magharibi mashetani hutoka, watoto waingie ndani. Nimsikilize nani? – Mama Wawili, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kusemwa hadharani.

Nianze na mumeo, kwa sababu anachokisema nakijua. Nimekulia Pangani, na kombolela ya mbaramwezi nimeicheza mpaka miguu inawaka. Lakini mwambie akumbuke vizuri: siku hizo nje alikuwepo nani? Barazani kulikuwa na wazee na bao lao, bibi anasuka ukili, akina mama wanachambua mchele wa kesho, muuza kahawa anapita na vikombe vyake vinalia. Mtoto akipiga kelele, milango minne inafunguka. Akionekana amevuka mpaka wa mtaa, mtu mzima yeyote anamshika mkono na kumrudisha kwao, tena njiani ameshamchapa. Sisi watoto tulidhani tuko peke yetu. Hatukuwa peke yetu hata dakika moja. Hapo kwenu watu wanalipa kodi ya miezi sita, ikiisha wanahama, na yule anayekaa chumba cha mwisho huenda hata jina lake hulijui. Mumeo anakumbuka mchezo, wale wazee waliokuwa wakiuangalia amewasahau.

Mama mkwe naye hajasema uongo. Hadithi hiyo ipo, imepokewa na Bukhari na Muslim: giza linapoingia wazuieni watoto wenu, mashetani hutawanyika wakati huo. Ila kuna kipande cha pili ambacho wazee wetu huwa hawafiki: ukishapita muda wa usiku, waachieni. Kwa hiyo kinachokatazwa hapo ni ile saa ya kuingia giza hasa. Na mimi, hata nikiacha dini pembeni, saa hiyo naiogopa kuliko saa 2. Dar jua huzama kati ya kama saa 12:10 na saa 12:50 mwaka mzima, na nusu saa baadaye ni giza totoro, hatuna machweo marefu kama nchi za mbali. Hapo ndipo kila dereva anawahi nyumbani, bodaboda nyingine taa hazijawashwa, mbu wa malaria nao wanaanza kutoka. Na wewe ndiyo kwanza wateja wamejaa mbele ya karai, huwezi kugeuza shingo.

Ninalomkatalia ni kuwatisha watoto kwa mashetani. Mtoto aliyefundishwa kuogopa shetani anamtafuta mwenye pembe, hamshtukii kaka anayemfahamu anayemwita nyuma ya nyumba kumpa pipi. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya 7, waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wengi waliowafanyia ni watu wanaowajua. Mfundishe binti yako hivi: hakuna anayekushika sehemu zako za siri, hakuna siri ambayo mama haambiwi, ukiitwa na mtu yeyote, awe mjomba awe nani, njoo kwanza uniambie. Maneno hayo matatu mtoto wa miaka 5 anayaelewa vizuri kabisa.

Sasa jibu lenyewe. Wa miaka 5, hapana. Giza likiingia asiwe nje bila mtu mzima anayemwona, na sisemi mtu mzima aliyeko "karibu". Nasema anayemwona. Wa miaka 9 anaweza kucheza hadi saa 2, kwa masharti.

La kwanza ni kwamba asifanywe yaya wa mdogo wake. Najua ndivyo mnavyofanya, kila nyumba inafanya. Lakini kwenye kombolela akisikia kopo limepigwa teke atakimbia kama wenzake, na dada yake ataachwa gizani anaita. Ukimchapa kwa hilo utamwonea, maana amefanya utoto wake.

Na kombolela yenyewe iwe ya mchana. Huo ni mchezo wa kujificha, na usiku watoto watajificha wapi kama si kwenye lile pagale ambalo halijapauliwa, au nyuma ya vyoo? Toka jioni moja, saa 1 na nusu, bila tochi, uzunguke nyumba mnayokaa. Angalia chemba ambayo mfuniko wake umevunjika, mtaro, kona ambayo bodaboda hukatiza, kibanda umiza ambacho wakubwa wanaangalia mpira huku wakivuta vitu. Ukirudi utajua mwenyewe wapi ni mwisho wa mwanao. Usiku wacheze rede, ukuti ukuti, mdako, hapo uwani, chini ya taa.

Taa nayo italeta maneno, nazijua nyumba za LUKU moja. Kabla hawajaanza kuulizana nani analipa, wapigie hesabu: balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa tatu kila usiku haimalizi hata uniti moja kwa mwezi mzima. Hiyo uniti ilipe wewe, mjadala uishe.

Binti umpeleke wapi basi? Kwenye meza ya biashara sikushauri, mafuta ya moto na mtoto wa miaka 5 havikai pamoja. Mwendee huyo huyo aliyekusema. Ndiyo, huyo. Amekosa adabu kukutangaza, ila fikiri: katika nyumba nzima yeye ndiye aliyewaona watoto wako wako nje na akahesabu saa. Macho ndiyo unayoyatafuta. Mfuate asubuhi, faragha, mwambie, "Dada, uliyosema yaliniuma, lakini mtoto naomba akae kwako kuanzia magharibi mpaka nirudi." Kila siku mpelekee samaki, tena wa kueleweka, si vile vichwa vilivyobaki. Akikataa, tafuta mama mwingine mwenye watoto mpeane zamu, wewe umwangalizie wake asubuhi. Na siku ambayo baba yao hana gari, zamu ni yake, asikimbilie kijiweni.

Kuhusu saa 2 niliyoitaja, hesabu yangu ni ya usingizi. Mtoto wa umri ule anahitaji walau saa 9. Kama anaamshwa saa 11 alfajiri kuwahi shule, akilala saa 4 amepata saa 7 tu, halafu mwalimu anamchapa kwa kusinzia. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, wasinziaji nilikuwa nawajua kwa majina.

Sheria nayo uijue. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 9, inamtaka mzazi akiondoka kwa muda ahakikishe mtoto anaangaliwa na mtu anayeweza kazi hiyo. Kifungu hakitaji saa wala umri. Kijana wa miaka 9 sidhani kama hakimu yeyote atamwita mtu anayeweza kazi hiyo.

*Shangazi, mimi ni mzee nimestaafu, nipo Dodoma. Jirani ana mtoto wa kama miaka 4, kila siku yuko barabarani hadi saa 3 usiku. Mama yake hataki kusemwa. Ninyamaze? – Babu wa Area C*

Shikamoo mzee wangu. Usinyamaze, ila usianze na kusema. Jioni moja mshike mtoto mkono umpeleke mpaka mlangoni kwao: "Mama, mjukuu wangu nimemkuta njiani, pikipiki zinakimbia." Ufanye hivyo mara kadhaa, bila hotuba. Wakati mwingine unakuta huyo mama yuko kazini na hakuna anayefungua mlango, hapo utakuwa umejua shida ni nini.

Ikiendelea, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii wa kata. Sheria niliyoitaja inamtaka mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa serikali ya mtaa, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa ni umbea. Namba 116 pia ipo, kupiga ni bure. Na ukiona ana alama za kipigo au anakuja kwako kuomba chakula, zile safari za mlangoni ziache, nenda moja kwa moja dawati la jinsia na watoto pale polisi.